Upanga Umerudi Alani

Leo Keko hakuna anayepiga randa.
Vitanda havina chaga,
kabati la bibi harusi limesimama nusu uchi,
gundi inagandia kopo lake.
Fundi Mwinshehe kashika msumeno, hakati kitu,
anaugonga kwa nyundo
nao unalia mtaa mzima.

*Upanga umerudi alani! Upanga umerudi alani!*
Kutoka Magurumbasi mpaka Machungwa,
na mimi mshona makochi, sauti imenikauka,
naimba kwa mabega.

Wenzetu wa kandanda wanatucheka:
mchezo gani huo, mtu anapiga kwa gongo
halafu anakimbia kurudi nyumbani?
Ndiyo. Mchezo ndio huo.
Unatoka nyumbani, unazunguka, unaomba urudi.
Mji huu nani asiyeujua?

Zahoro alikuwa mbeba ndoo.
Miezi minne, kazi yake maji
na kuokota mipira mtaroni.
Juzi bega la Ngwada likafura kama andazi.
Kocha akatazama benchi, benchi likatazama chini,
na mtoto akasema, kama anayedai chenji kwa konda mkali,
"Nitarusha mimi."

Mechi ya mtoano, na watani wamekuja na basi lao.
Sare zao zina mikunjo ya pasi.
Magongo yao ya alumini, ukiyatazama unajiona meno.
Letu la mninga,
lilizaliwa mguu wa kitanda.

Mpira wake wa kwanza ulimpata mwamuzi gotini.
Wa pili sijui ulikwenda wapi, wanasema kuku alilia.
Wakapata moja kabla hatujakaa.
Nikafumba macho. Nikasikia Mwinshehe anasema
"Mwacheni, mbao mbichi hujipinda kwanza."

Kisha akatulia.
Sijui saa ngapi. Nilipofumbua
alikuwa amesimama pale juu ya kichuguu
kama mtu aliyekuta kiti kinachomtosha.
Rusha, nje. Rusha, nje.
Sisi tukapata mbili, moja ya halali na moja ya teke la bahati,
usiniulize.

Raundi ya saba, ya mwisho, mbili kwa moja.
Wawili wao nje, mtu wao kituo cha tatu
ananusa nyumbani kama paka jikoni.
Mpigaji wao kijana mrefu, jina lake limeandikwa mgongoni.
Straiki mbili. Mibovu mitatu.
Hata muuza karanga akaacha kuchezesha sarafu.

Zahoro akavua kofia, akajifuta, akaivaa vibaya.
Akarusha.
Mpira ulikwenda juu, juu mno, nikasema tumekwisha,
halafu ukazama
kama msumari uliopata mbao laini.
Gongo likakata hewa.

Basi.
Tulimbeba mpaka akapoteza kiatu.
Mama yake, Bi Hidaya, alikuja mbio kutoka kwenye chapati,
unga mpaka viwiko, akasikia kelele tu,
akauliza, "Kavunjika wapi?"
Tulipomwambia, akakaa chini barabarani
na bodaboda zikampisha.

Usiku huu wanapitisha glavu yake mkono kwa mkono,
wanainusa, wanaibusu, wanasifu ngozi:
nyeusi, nene, laini, ya wapi hii?
Nami natazama pembeni.

Maana niliishona mimi,
uzi wa nailoni, mishono miwili miwili,
na ngozi niliikata mwezi wa tatu
kutoka kochi lililoletwa kutiwa sponji mpya
na mzee mmoja mstaarabu
wa Upanga.

Chini ya mto wa kushoto, mzee, kuna kiraka cha turubai.
Leo ukirudi nyumbani na huzuni yako
kaa upande wa kulia.
Kesho nikipata nauli na uso
nitakuja kukieleza.