Maji ya Kiyoyozi

Ulianza na majani mawili nyuma ya jiko,
pale bomba la kiyoyozi linapodondosha
tone, tone, mchana kutwa, usiku kucha,
maji yasiyo na mwenyewe.
Haithami, mwanangu, akasema: gugu hilo, mama,
ling'oe, mizizi itapasua karo.
Nikasema ngoja. Gugu halina jani pana hivyo.

Sikuujua. Niseme kweli.
Miaka thelathini na moja nimezalisha wanawake,
mtoto wa saa moja namtazama nakwambia kamfuata nani,
lakini mche huu wa shubiri mbili
ulininyamazia.

Haithami akaupiga picha. Simu ikasema: mfenesi.
Akaupiga tena jioni. Simu ikasema: mpira.
Nikamwambia, simu yako inapiga ramli.

Ndipo akapita Motalebu, anayemwagilia mitende ya jirani.
Hakuutazama kwa mbali. Alichutama,
akaligeuza jani chali,
akanionyesha kwa ukucha vijipele viwili
pale jani linaposhikana na kikonyo.
"Badam," akasema, "kwetu umejaa kando ya mito."
Badam. Hapa Mawaleh wanaita bidamu.
Nikalitia neno mdomoni, nikalitafuna,
likatoka upande wa pili:
kungu!

Si mkungu wa ndizi, wala si ukungu wa alfajiri.
Kungu zile za Wete, tulizoziponda kwa jiwe
mimi na dada yangu Shinuna, nyuma ya chuo,
meno mekundu, magauni yameharibika,
na baada ya kupigana na kokwa nusu saa
kiini chembamba kama ukucha wa kidole cha mwisho
tukakigawa nusu kwa nusu.
Yeye alikula ya kwake upesi.
Mimi niliifumbata hadi nyumbani.

Nani aliuleta? Popo, nadhani.
Popo haombi kibali cha manispaa.

Ukitaka kuuhamisha, nisikilize, mimi nimekosea:
usingoje upendeze.
Mwezi wa pili, kabla tanuri halijafunguliwa,
chimba shimo kwanza, ndipo ung'oe. Mimi nilianza na kung'oa,
mzizi ukakaa juani huku sururu inagonga mawe.
Hesabu hatua saba kutoka ukutani,
maana mkungu hauinui mikono kama muombaji,
huinyoosha pembeni, ghorofa juu ya ghorofa,
kama sinia za harusi.
Chumvi unaivumilia. Kiu ya utotoni, la.

Majani yakaanguka yote.
Wiki tatu nilimwagilia kijiti.
Haithami akaleta mafundi wapime banda la gari, la bati.
Motalebu akalikwangua gome kwa ukucha uleule,
chini yake kijani, kibichi kama mdomo wa kasuku.
Hakusema kitu. Mafundi walikunywa chai wakaenda.

Huu sasa mwaka wa sita.
Bomba nimeliunganisha na mpira, hatua saba,
na nyumba nzima ikipumua, mti unakunywa.
Mara mbili kwa mwaka majani hugeuka mekundu,
huanguka kwa kishindo kama sahani za karatasi,
na Motalebu akifagia hulalamika:
ningelijua, ningelisema ni mpira.

Julai, saa nane mchana, lami inanata.
Kijana wa pikipiki, mwenye sanduku la vyakula vya watu,
alisimama chini yake bila kubisha hodi.
Kofia akaitundika tawi la chini, kama kwao.
Nilimpelekea maji. Akauliza: mti gani huu?
Kwao milimani, alisema, miti ina sindano, si majani.
Nikampa majina yote matatu achague.

Hakuchagua. Akageuza jani chali,
akalichungulia,
akaniuliza vijipele hivi ni vya nini.

Sijui, nikamwambia.
Simu yake ikalia. Chakula cha mtu kinapoa,
na kofia akaisahau.