Arbunan

Kamusi ilikuwa ya Kijerumani, haina jalada.
Ilitoka misheni, Rungwe; mama alichana kurasa zake akifungia chumvi,
na panya walikwisha kula herufi S yote.
Mwaka ule mvua ya Tukuyu haikutupa nafasi ya kutoka.
Dada yangu Tumwimbile akasema: tutunge lugha,
Kijerumani cha nchi isiyokuwapo,
mama asituelewe tukimenya ndizi.

Tukaiba mizizi, tukaipandikiza kama miche ya chai.
Mvua tukaiita regu. Ukungu, nebla.
Kila neno, alisema, lazima livae gauni au suruali,
ndivyo wanavyosema watu wa huko.
Nikacheka. Kijiko je?
Kijiko, suruali.

Siku moja akaandika: arbuna,
mwanamke anayerithi. Wakiwa wengi, arbunan.
La nini hilo, nikamwuliza, Kiswahili kina mrithi,
halina gauni wala suruali, linamtosha yeyote.
Akafuta utomvu wa ndizi kwenye kanga.
“Subiri baba afe,” akasema. “Utaliona likiota ndevu.”

Baba alikufa Machi, matope yakifika magotini.
Ukoo ukakaa sebuleni, sisi jikoni na moshi.
Nikasikia kupitia mbao: mrithi, mrithi, mrithi,
na kila lilipotajwa lilikohoa kwa sauti nzito,
likaomba kiti,
likaomba pombe,
mwisho likapewa jina: Gwamaka, mtoto wa baba mdogo,
asiyejua mgomba upi ulipandwa na nani.

Tumwimbile hakulia. Alichochea moto.
Akalisema lile neno letu, la wingi, taratibu,
kama mtu anayehesabu waliomo chumbani.

Leo niko Mahakama ya Mwanzo, peke yangu.
Yeye amelala mgombani kando ya baba, mwaka wa pili huu.
Karani ana kalamu inayovuja na mafua ya Juni.
“Warithi ni akina nani?”
Mdomo ukanitangulia: “Arbunan.”
“Ukoo gani huo?”
“Wa kwetu.”
“Taja herufi.”
Nikataja. A. R. B.
Akaandika polepole, wino ukitambaa hadi ukingoni mwa karatasi,
kisha akainua macho.
“Wako wangapi?”

Nje regu ilikuwa ikipiga mabati.
Nikasema, wawili.