Kwa Kufuta Neno

Mtumba, saa mbili usiku. Rasimu mezani:
"Kifungu cha tisa kinarekebishwa
kwa kufuta neno punguani
popote lilipo,
na badala yake..."

Nikalitafuta. Mara kumi na moja
mashine ikalifukua, likawaka njano.
Nikafuta. Vumbi la Dodoma likapita dirishani
kama halijasikia kitu.

Lile la kumi na mbili halimo kwenye rasimu.
Lipo Hombolo, katikati ya mizabibu,
mwaka ule nilipomwita hivyo
Ndahani, mdogo wangu,
aliyehesabu vichala kwa kuvigusa
taratibu,
wala hakukosea hata kimoja.

Jumamosi nitakwenda.
Kule hakuna jedwali la marekebisho.
Na badala yake niweke nini?
Jina lake tu, labda,
nilitamke lote.