Thelathini, Kumi, Nane

Halvard alinipigia saa moja asubuhi,
theluji ingali imelalia paa la kontena la ofisi,
akauliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza:
"Ragnfrid, hii thelathini ya ukurasa wa nne,
ni tani za mwisho, au tani za ruhusa?"

Nikaufungua ukurasa wa nne.
Thelathini. Tani kwa kila mita mraba. Basi.
Nambari uchi; sikuivika hata neno moja.

Nikakaa kitako.

Oktoba, ukingoni mwa mto hapa Drammen,
tulichimba hadi kwenye mfinyanzi wa kijivu,
tukalaza bamba la chuma, upana wake dhiraa haufiki,
juu yake jeki, juu ya jeki lori limeshiba kokoto,
tukaukandamiza udongo kidogo, tukangoja, kidogo tena.
Kwenye tano, mshale wa kipimo haukujali.
Kwenye kumi ulipepesa.
Ishirini, ukawa unatembea
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Thelathini, ukakimbia, haukurudi,
na udongo ukavimba kandokando ya bamba
kama unga wenye hamira unavyopanda kingo za bakuli.
Eskil, mshika daftari, akapiga kelele: "Tumeupata!"

Tumeupata, ndiyo.
Tumeupata kwa kuuvunja.

Baba yangu, Anfinn, alipakia mbao gatini, chini ya daraja.
Usiku mmoja wa kiangazi, mioto ikiwaka ufukoni,
kwa dau la chupa moja
alibeba fuawe la mhunzi akatembea hatua tisa.
Tisa. Watu walizihesabu kwa sauti.
Miaka yote iliyofuata gati nzima ilisimulia zile hatua,
na mimi, wa miaka saba, nikimfunga kamba za viatu
kila alfajiri, kwa sababu mgongo haukuinama tena.
Mzigo wa mwenzio, wanasema, ni kanda la usufi.
Waliokuwa wakihesabu hawakuhisi kitu.

"Ya mwisho," nikamwambia Halvard. "Igawanye kwa tatu."
"Na theluthi mbili zinakwenda wapi?
Mwenye ghala ataniuliza. Saruji ni pesa."

Zinakwenda kwa nisichokiona, Halvard.
Kati ya tundu la pili na la tatu kuna mita ishirini
ambazo hakuna aliyezifunua tangu barafu ya kale iondoke.
Kuna mto, ambao mwezi Mei huja na maji yasiyobisha hodi.
Kuna huyo mwenye ghala, leo anasema ataweka sufu,
kesho kutwa atarundika marobota ya karatasi hadi darini.
Na kuna mkono wangu, Ijumaa saa kumi jioni,
ulioandika nambari ukasahau jina lake.

"Kwa hiyo kumi."
Kumi haitavunja. Lakini mfinyanzi una subira mbaya:
usipovunjika, hushuka,
unywele kwa unywele, miaka kumi na miwili,
mpaka mlango wa kaskazini ugome kufunga
na ufa upande ngazi bila kushika ukuta.
Andika nane.
"Nane tu?"
Nane. Na fundi wako asije akaigawa tena kwa hofu,
maana kuna wanaogawa mara mbili
wakazika saruji bure,
na wasiogawa kabisa, hao huzika watu.

Nilidhani atacheka. Halvard hucheka upesi.
Nilisikia penseli ikiwekwa mezani,
halafu pumzi, halafu tingatinga kwa mbali likinguruma bure.

"Misingi ya upande wa mto," akasema polepole,
"nimekwisha kuichora.
Yote. Kwa thelathini.
Zege lilikuwa lije saa nne."

Nikatazama saa ya ukutani.
Kwenye simu, upande wa pili,
karatasi kubwa ilikuwa ikikunjwa,
ikakunjwa tena,
taratibu,
kama shuka la mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani.