Upepo Ndani ya Mrija

Geji ilianza kudanganya baba akiwa hai.
Sindano yake hulala robo, kiangazi na baridi,
nasi sote tulijua, na sote tukaiamini.
Kilomita sitini kabla ya Gan Gan
lori likakohoa mara mbili, kama mtu anayetaka kusema jambo,
kisha likaghairi.
Marobota arobaini ya sufu mgongoni, na kimya.

Zulma hakusema, "Nilikuambia."
Alishuka, akaurudisha mlango polepole.
Afadhali angeubamiza.

Patagonia haina mti wa kujibanza.
Ina upepo. Unashuka kutoka milima ya magharibi
ukiburuta changarawe, ukipekua mifuko na vifungo,
unakuuliza jina lako na hausubiri jibu.
Tulikaa saa tatu nyuma ya gurudumu,
tukipokezana kibuyu cha yerba, chungu, kimeshapoa:
midomo miwili, mrija mmoja,
neno hakuna.

Akaja Anselmo, yule kijana wa kina Huircapán,
juu ya pikipiki isiyo na taa,
na debe la mafuta ya kupikia lililojaa dizeli
limefungwa kiunoni mwake kwa ukanda wa ngozi.
Akaimimina kupitia soksi ndefu ya mama yake, tone kwa tone.
Pesa akakataa. "Mkirudi, leteni mtungi wa gesi."
Akaondoka ameinama, upepo umemkalia begani.

Nikawasha. Stata ikalia, ikalia,
betri ikaanza kuvuta maneno kama mlevi.
"Acha," Zulma akasema.
Neno la kwanza tangu asubuhi.

Maana kujaza tangi si kumaliza kazi.
Petroli husamehe. Dizeli hukumbuka.
Injini ikishakula upepo, haitaki kingine
mpaka uutapishe wote,
kuanzia filta, hadi pampu, hadi kwenye koo la kila nozeli.

Yeye akashika kishikio cha pampu ya mkono,
mimi nikalegeza skrubu ya filta.
"Piga."
Povu. Povu jeupe, linachekacheka kwenye vidole vyangu.
"Piga."
Mapovu makubwa, kisha madogo, kisha punje,
kisha utepe mmoja wa mafuta, mng'avu, usiokatika.
"Funga."
Tukahamia pampu kubwa. Piga. Piga. Funga.
Kidole gumba chake kilichubuka, hakukisemea.
Nami nilikuwa na jambo kifuani:
karatasi niliyoisaini mwezi wa sita,
malisho ya chini, yale ya kisimani,
mnunuzi kutoka Trelew mwenye viatu safi.
Nikafungua kinywa. Upepo ukaingia, nikakohoa.
"Nini?"
"Hakuna. Piga."

Nati za nozeli nikazilegeza tatu tu, nusu mzunguko.
Zulma akapanda kuzungusha stata kidogo, kidogo,
akihesabu pumzi za betri.
Ya kwanza ikatema. Ya pili ikatema, jichoni mwangu.
Ya tatu ikasita, ikapiga mluzi,
ikatema.
Nikakaza huku nalia jicho moja,
na hapo, bila kutuaga, ikashika:
silinda mbili, halafu nne, ikichechemea
kama mwanakondoo mbichi anayeipima miguu yake,
moshi mweupe ukaruka na kunyakuliwa kuelekea baharini,
halafu sita, zote sita, na bonde likatetemeka.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini.
Alikuwa anacheka, au alikuwa ameng'ata meno kwa baridi;
kioo kilikuwa kichafu.

Njiani aliigonga geji kwa ukucha.
Robo, ikasema.
"Ya kisimani," akasema Zulma, macho barabarani,
"alikupa shilingi ngapi?"
Sikumjibu mpaka tulipoona taa za Gan Gan,
na nilipomjibu nilipunguza kidogo.

Spana namba kumi na saba niliisahau juu ya bampa.