Mpini wa Aikaruwa

Alikuja Pasua na kisu kisicho na mpini,
amekivingirisha kwenye gazeti, juu yake kipande cha kanga.
Bapa la springi ya Landrova, limefuliwa Mamba,
mkia wake mtupu una matundu matatu
kama filimbi iliyonyimwa pumzi.

Mpini wa kwanza, wa plastiki, ulipasukia kambi ya Barafu.
Usiku ule alimenya viazi vya wageni kumi na wawili
akiwa ameshika chuma kwa soksi.

"Nitengenezee," akasema,
"lakini usinipimie kwa mkono wako."
Akakikunjua kiganja cha kulia juu ya jiliwa langu:
kidole cha shahada kimeishia pingili ya kwanza,
kigutu laini, king'aacho kama punje ya mahindi mabichi.
"Mashine ya kahawa. Nilikuwa na miaka saba."
Sikuuliza la pili.

Nikachora kwa penseli juu ya kifuniko cha boksi.
Nikafuta. Nikachora. Tumbo hapa, kiuno hapa,
kisogo hapa, mkono usije ukateleza ukaingia kwenye makali.
Kila mchoro ulikuwa mkono wangu umejificha.

Mchana ikaja sahani ya ugali na dagaa.
Aikaruwa akamega tonge kubwa kuliko adabu,
akalifumbata kama afumbatavyo kisu,
akaliweka kwenye benchi, kati ya tupa na keekee.
"Ndiyo hiyo. Nakili."

Nikamwonyesha mpingo, masalio ya wachongaji.
Nikamwonyesha mzeituni wa mwitu, mistari yake kama asali imemwagika.
Akatikisa kichwa, akatoa kikapuni gogo la mbuni,
limetoka kihambani kwa baba yake, Uru,
mwaka ule waliong'oa kahawa wakapanda nyanya.
Mimi nikajitia ushairi:
kahawa ilichukua, leo kahawa inarudisha.
Akacheka mpaka akashika mbavu.
"Fundi, lilikuwa juu ya rundo la kuni."

Mbuni si mti wa kuharakisha.
Vipande vya kwanza nilivitoboa nikiwaza kodi ya chumba;
tundu la tatu likakimbia unywele mmoja,
nacho kimoja kikapasuka kichwa hadi mkia
kwa sauti ndogo, kama karanga.
Nikakaa. Nikanywa chai. Nikapasua vingine.

Safari hii nilitoboa polepole, nikipuliza unga wake mweupe.
Ribiti nilizikata toka waya wa shaba wa mota iliyoungua.
Gundi, halafu jiliwa, halafu usiku kucha.
Asubuhi tupa, baada ya tupa msasa,
mkono mmoja kwenye mti, mmoja kwenye ugali uliokauka,
macho nimeyafumba, maana macho yana haraka.
Pale ambapo vidole vya watu huchongewa bonde
niliacha kilima, kigutu kipate pa kuegemea.

Alipokuja akashika.
"Hapa panabana."
Msasa, mikwaruzo mitatu. Akashika.
"Bado kidogo."
Mkwaruzo mmoja.
Mara ya tatu hakusema kitu. Alitoa kitunguu mfukoni
akakikatakata juu ya benchi langu bila kuomba ruhusa,
vipande vyembamba hivi, unasoma gazeti chini yake.
Machozi yalikuwa ya kitunguu.
Mtu akikuuliza, mwambie hivyo.

Nikaupaka mafuta ya kitani, nikaupaka nta.
Akalipa nusu. "Nusu nyingine nikishuka."

Nimezaliwa chini ya mlima huu
na sijawahi kuupita mgomba wa mwisho.
Leo mawingu yameziba, siuoni hata wenyewe,
ila najua huko juu kuna kitu nilichokishika kwanza mimi
kinamenya karoti kwenye baridi.

Tonge bado liko kwenye benchi, gumu kama jiwe.
Sijalitupa. Sisimizi wamelipata,
na wameanza kula pale
pasipo na kidole.