Bahasha za Kaki

Mwaka wa tisa sasa napokea bahasha
kwenye dirisha dogo la kiwanda cha sabuni, Jinja,
na mikono yangu imejifunza kazi isiyomo kwenye mkataba:
kusoma jina kabla ya kusoma ujuzi.

Hakuna aliyeniandikia. Bwana Meneja alisema tu,
siku yangu ya tatu, akipuliza chai:
"Anza na wa kwetu, Bi. Waiswa. Hao wengine watasubiri."
Nikajua kutenga.
Lililoanza na O, chini.
Okurut, Opolot, Odongkara, chini, chini.
La magharibi pembeni, litaulizwa mjomba wake nani.
La Karamoja halikupata hata pini,
lilikwenda kufungia maandazi.
Hivyo ndivyo fundi mmoja wa boila,
miaka kumi na miwili ya moto mikononi,
alivyogeuka karatasi yenye mafuta
mezani pa mlinzi.

Na mimi ni mtoto wa Walukuba, nyumba za wafanyakazi,
ukuta huu Walugbara, ukuta ule Wagisu,
bomba moja, foleni moja ya ndoo,
na Kiswahili chetu kilichobonyea
kama sufuria ya kuazimana.
Mama aliniita Athieno, mwana wa usiku.
Majirani walilitamka kila mtu kwa ulimi wake
na halikuvunjika.
Nililivunja mwenyewe,
dirishani hapa hapa, siku nilipoleta bahasha yangu:
jina la mume likaingia ndani,
la mama likabaki nje juani
na waombaji wengine.

Juma lile walitafuta mtu wa mitambo ya mvuke.
Bahasha arobaini na moja.
Sijui nini kilinipata. Labda gundi ilikuwa karibu.
Nilikata vipande vya karatasi nikaziba majina,
nikaziba wilaya, dini, mume au mke,
nikaandika namba kwa kalamu nyekundu.
"Nini hii?"
"Wakaguzi, bwana. Ndivyo wanavyotaka,"
uongo wa kwanza mnyofu
niliowahi kuusema ofisini.

Akasoma.
Miaka tisa, sikuwahi kumwona akisoma:
kidole kikishuka mstari kwa mstari,
kikisimama penye vali, penye presha,
kikirudi juu kuhakikisha.
"Kumi na tisa," akasema. "Huyu anaujua moto."
Nikabandua.

Nakiru Josephine. Moroto. Mke.

Feni ilizunguka.
Alilitazama jina kama mtu aliyeng'atwa
na kalamu yake mwenyewe.
Lakini alikwisha kusema,
nami nilikwisha kuandika.

Sitasema kiwanda kiligeuka.
Jumatatu walimwita "Karamoja",
wakamuuliza ng'ombe kamwachia nani,
kikombe chake wakakitenga, peke yake, penye sinki.
Akanywa chai yake yote.
Akashuka, akafungua vali iliyowashinda tangu Pasaka,
akapanda akijifuta mikono kwa gauni la kazi
lililoshonwa kwa mabega ya mwanamume.
"Jina langu Nakiru," alisema, hakuinua sauti.
"Nilizaliwa mvua ikinyesha.
Nitalisema kila siku. Sina haraka,
mkataba ni wa miaka miwili."

Kuna aliyecheka. Kuna aliyekwenda
kukitoa kile kikombe penye sinki,
akakipanga na vingine. Sikumwona uso.

Jioni nilibaki nyuma.
Nikakivuta kibao cha mezani pangu,
na kwa kalamu ile ile nyekundu,
mbele ya Waiswa, herufi zikibanana kwa kukosa nafasi,
nikaandika Athieno.

Bwana Meneja amekiona. Bado hajasema kitu.
Kesho bahasha zitakuja.
Gundi imebaki nusu chupa.